Nimezunguka websaiti za kazi na mishahara semista nzima, rivyu yangu hii hapa

Jamani wanachuo wenzangu, nianze na aibu yangu kwanza. Likizo iliyopita mjomba aliniuliza swali moja tu, "hiyo takwimu unayosoma, ukimaliza unakuwa nani na unalipwa ngapi?" Nikamjibu fasta kwa kujiamini, nikamtajia cheo na namba moja nene hivi. Akaniangalia. Akasema, "umeitoa wapi hiyo namba?" Nikakaa kimya, maana ukweli sikujua nimeitoa wapi, labda video, labda mtu kaandika mahali, imekaa tu kichwani kama mpangaji asiyelipa kodi. Mwaka wa tatu huu, nasomea takwimu, halafu namba ya maisha yangu mwenyewe sijui ilipotoka!

Basi semista hii nikajipa kazi. Kila wikiendi saa mbili tatu hivi nachimba, nafungua websaiti, nafanya vile vijitesti vya "wewe unafaa kazi gani", nasoma mishahara, naandika kwenye daftari. Mi sio mtaalamu, ni mwanafunzi mwenye laptopu ambayo betri ilishachoka inabidi ikae kwenye umeme muda wote, ila nimezunguka vya kutosha kuwaambia ipi inafaa na ipi ni kupotezeana muda. Nyota natoa kwa tano.

Kosa la kwanza nililofanya ni kutafuta "kazi zenye mishahara mikubwa duniani". Msifanye hivyo. Ukiingia kwenye orodha ya Ofisi ya Takwimu za Kazi ya Marekani, BLS, ya kazi zinazolipa kuliko zote, juu kabisa unakutana na madaktari tu, wa upasuaji, wa usingizi, wa moyo, wamejipanga mstari mrefu, na karibu wote wameandikiwa kitu kilekile, dola 239,200 au zaidi kwa mwaka. Mwanzo nikadhani ni makosa, iweje wote walingane? Kumbe kwenye mishahara ya Mei 2023 hiyo ofisi ikifika hapo haitoi tena namba kamili, inakuandikia tu "au zaidi". Sasa mimi damu nikiiona magoti yanalegea, orodha hiyo inanisaidia nini? Nikaifunga.

Kilichonifungua macho ni O*NET, websaiti ya maelezo ya kazi mbalimbali. Najua jina lina kinyota katikati kama neno la siri la waifai, na ukiifungua utadhani imetengenezwa enzi za babu, maandishi maandishi tu, hakuna picha ya kijana anayecheka na kikombe cha kahawa. Vumilieni. Hii ni kazi ya Wizara ya Kazi ya Marekani, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya kamusi moja kubwa ya kazi iliyotoka mara ya kwanza 1939, ambayo mwishoni ilikuwa na kazi zaidi ya 12,000 ndani yake, hebu fikiria mtu anapekua kitabu hicho kutafuta maisha yake. Sasa hivi wamezikusanya zimebaki kama 900 na kitu, na ni bure kabisa, hakuna kujisajili wala kuombwa namba ya simu.

Ina mlango wa wanafunzi unaitwa My Next Move, na humo kuna testi ya maswali 60. Hii testi naipenda kwa sababu haikuulizi "je wewe ni kiongozi?", nani atajibu hapana? Inakuuliza vitu vya mikono. Ungependa kutengeneza makabati ya jikoni? Kupanga matofali au vigae? Kutengeneza dawa mpya? Kuandika vitabu au michezo ya kuigiza? Unachagua kakaragosi ka uso, kutoka kalikokunja mpaka kanakochekelea, unaenda la pili. Haijali kama unaiweza hiyo kazi au inalipa, inataka kujua tu kama ungeipenda. Chini yake kuna nadharia ya mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, aliyoanza kuiandika 1959, kwamba watu na kazi zao unaweza kuwagawa mafungu sita: watu wa vitendo, wachunguzi, wasanii, wa kusaidia watu, wa kushawishi na kuongoza, na wa utaratibu na kumbukumbu. Kila fungu lina maswali kumi, alama za juu 40.

Mimi nikapata uchunguzi 33, usanii 27, utaratibu 26. Usanii! Mimi ambaye nikichora mbuzi watu wanauliza kama ni meza. Nikarudi kuangalia majibu, kumbe karibu kila swali la kuandika nilikuwa nimeweka kale kanakochekelea. Sikuwahi kufikiria kwamba kuandika ni sehemu ya kazi, nilikuwa najua ni kitu cha kufanya usiku nikikosa usingizi. Hapo ndipo testi ikawa imelipa muda wangu. Rumeti wangu yeye alikuwa na haraka ya kwenda mpirani akajibu "napenda sana" kila mahali, ikamletea mafungu yote sita yamelingana, akasema testi mbovu. Bro, umeiambia unapenda kila kitu duniani, ikujibu nini?

Ila testi ni mlangoni tu, utamu upo ndani kwenye ukurasa wa kazi yenyewe. Nilifungua kazi ya mtakwimu bima, yule anayekokotoa hatari kwa ajili ya kampuni za bima na mifuko ya pensheni, kwa sababu mwalimu wetu mmoja huwa anaitaja taja. Kichwani mwangu huyo ni mtu anakaa na kikokotoo anapiga hesabu mpaka jioni. Nikaskroli kwenye majukumu, nikakuta mambo ya kupanga viwango vya bima na akiba ya kulipa mafao ya baadaye, sawa, nilitegemea. Halafu nikakuta moja ikanisimamisha: kutoa ushahidi mahakamani kama mtaalamu, kwa mfano kuhusu kiasi ambacho mtu aliyeuawa au kulemazwa na ajali angekuja kukipata katika maisha yake. Nikaacha kuskroli kabisa. Yaani kuna mtu kazi yake ni kusimama mbele ya hakimu na kusema marehemu angeishi angeingiza kiasi hiki, na mjane yupo palepale kakaa benchi anasikiliza. Hesabu ni zilezile ninazofanya kwenye mazoezi ya darasani, majedwali ya vifo na riba, ila hakuna siku nimewahi kufikiria kwamba kwenye ile safu ya pili ya jedwali kuna mtu.

Chini zaidi kuna sehemu ya mazingira ya kazi, na hii watu wanairuka wakati kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote. Inakuonyesha kazi husika ina kukaa kiasi gani, simu na barua pepe kiasi gani, mnafanya kazi bega kwa bega au kila mtu na kona yake, kosa lako lina madhara makubwa au madogo, ratiba inakubana au la. Na haya majibu hayajatungwa na mtu ofisini, mengi yanatoka kwa watu wanaofanya hiyo kazi, wanatumiwa madodoso wajaze. Kama hupendi kukaa kiti kimoja kutwa ni bora ulijue sasa hivi kuliko ulijue una miaka miwili kazini na mgongo unauma.

Ubaya wake, lugha ni Kiingereza (kuna toleo la Kihispania pia, la Kiswahili hamna), majina ya kazi ni ya kimarekani, na kazi za kisasa zinazobadilika kila mwezi usitegemee kuzikuta zote kwa majina ya mtandaoni. Nyota nne na nusu, nusu nimekata kwa sababu kuipekua kunachosha, unaweza kubonyeza linki sita ukasahau ulianzia wapi.

Sasa mishahara. Hapa ndipo wengi tunaliwa.

Ndugu wa O*NET upande wa pesa anaitwa Occupational Outlook Handbook, watu wanafupisha OOH. Ni kitabu cha BLS, kimeanza 1949 kama mwongozo wa kuchagua kazi baada ya vita, leo kipo mtandaoni bure na kinafanyiwa marekebisho kila mwaka. Mimi toleo nililolisoma ni lile lenye mishahara ya Mei 2023 na makadirio ya 2023 mpaka 2033, kwa hiyo ukifungua wewe utakuta zimesogea. Kila kazi ina vichupo vyake vichache, wanafanya nini, wanakaa wapi, unaingiaje, wanalipwaje, mbele kukoje. Ukurasa unasomeka dakika tano umemaliza, tena kwa lugha nyepesi.

Chukua mhasibu. Juu kabisa wameandika dola 79,880 kwa mwaka. Mwanafunzi anaona hiyo, anagawa kwa 12, anaanza kuchagua gari. Pole sana. Hiyo ni mediani, yaani ukiwapanga wahasibu wote mstari mmoja kuanzia anayelipwa kidogo mpaka anayelipwa sana, ni yule aliyesimama katikati, na yule wa katikati anaweza kuwa baba wa watoto watatu mwenye miaka kumi na mitano kazini. Wewe wa kuhitimu juzi hauko katikati ya mstari, uko mkiani. Bonyeza kichupo cha mishahara utaona asilimia 10 ya chini walikuwa wanapata pungufu ya 50,440 na asilimia 10 ya juu zaidi ya 137,280. Kwa hiyo namba ya kuangalia kwanza ni ile ya chini, japo nayo sio mshahara wa kuanzia moja kwa moja, maana huko chini kuna wanaoanza na kuna waliokwama, wamechanganyika.

Na kingine, hizi namba ni kabla ya makato, halafu malipo ya ovataimu na zile bonasi za mwisho wa mwaka hazimo. Waliojiajiri nao hawamo kabisa kwenye huo utafiti wa mishahara. Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mpiga picha, fundi, mwandishi wa kujitegemea, wengi wao wako nje ya hesabu, sasa ukisoma mshahara wa mpiga picha pale unasoma wa wale walioajiriwa tu. Mimi baada ya kuelewa hivyo kila nikiona namba ya mshahara popote swali langu la kwanza limekuwa "hapa mmemhesabu nani?" Rumeti anasema nimekuwa kero.

Halafu kuna mtego wa asilimia za ukuaji, huu nilitaka niuandikie rivyu yake peke yake. OOH ina orodha ya kazi zinazokua kwa kasi, na juu kabisa kwenye toleo hilo ni mafundi wa mitambo ya upepo, ile minara mirefu yenye mapanga matatu. Asilimia 60 kwa miaka kumi! Nikamwonyesha rumeti, akasema kesho anaacha chuo. Tukaangalia vizuri, kumbe hao mafundi walikuwa kama 11,400 Marekani nzima, kwa hiyo hiyo 60 ni nafasi mpya kama 6,800 hivi, kwa miaka kumi, nchi nzima. Ukienda kwa wahudumu wanaotunza wazee na wagonjwa majumbani, asilimia ni 21 tu, unaona ndogo, lakini ni nafasi mpya 820,500. Na mediani ya mshahara wao ni 33,530, wakati mediani ya wafanyakazi wote kwa jumla ilikuwa 48,060. Kwa hiyo kazi inaweza kukua sana na nafasi bado ni chache, inaweza kuwa na nafasi kibao na pesa hamna.

Na wahasibu haohao, ukuaji wao asilimia 6, unasema aah kazi imelala hiyo. Lakini makadirio ni nafasi kama 130,800 zinafunguka kila mwaka. Zinatoka wapi wakati nafasi mpya kabisa hazifiki laki moja kwa miaka kumi yote? Watu wanastaafu, wanahama, wanabadilisha fani, viti vinabaki wazi. Kumbe mlango mkubwa wa kuingilia ni viti vya waliotoka. Hili hakuna mtu aliwahi kuniambia, na mimi nilikuwa nachagua fani kwa kuangalia ile asilimia tu kama mtu anayechagua tikiti kwa kulipiga kofi.

Kwa upande wangu nikaweka mbili pembeni: wanasayansi wa data, mediani 108,020 na ukuaji asilimia 36, na watakwimu bima, mediani 120,000 na ukuaji 22. Darasa zima letu linataka hiyo ya kwanza. Hakuna anayeitaja ya pili, nadhani kwa sababu ya mitihani yake, maana huko unafanya mitihani ya bodi mfululizo miaka kadhaa huku uko kazini, na kila mmoja unakula mamia ya saa za kusoma. Mtu akimaliza chuo anataka kupumzika mitihani, namwelewa.

Ila msije mkachukua dola za Marekani mkazizidisha kwa kiwango cha benki mkadhani ndio mshahara wenu mahali pengine, utalia. Majukumu ya kazi yanavuka mipaka vizuri tu, mtakwimu bima anafanya yaleyale popote, lakini mshahara unabaki ulipozaliwa. Kwa namba za kwenu nendeni kwenye ofisi ya takwimu ya nchi yenu, nyingi zina utafiti wa nguvukazi ambao faili lake limelala pale hakuna anayelifungua. Waingereza wanao wa kwao wa mapato kila mwaka, ASHE. Shirika la Kazi Duniani wana ILOSTAT, inakusanya za nchi nyingi, na wana mfumo wa kuzipa kazi namba unaitwa ISCO-08, una makundi 436 ya chini kabisa. Huo usiudharau. Nchi moja watakuita ofisa, nyingine mchambuzi, nyingine meneja wa kitu fulani, ukiwa na namba ya ISCO unajua unalinganisha embe na embe. Nyota kwa OOH, nne. Ingekuwa tano kama ingekuwa ya dunia nzima, lakini hilo sio kosa lake.

Sasa tuje kwenye zile websaiti ambazo mishahara inajazwa na watumiaji wenyewe. Zipo nyingi, na zinafanana, na hii iliyonipata siitaji jina. Nimeingia nataka kuona mshahara wa mchambuzi wa data anayeanza, naona namba ya kwanza, ya pili imefifishwa kama imewekewa ukungu, na kibandiko kinasema toa wako uone wa wenzako. Mimi mshahara sina. Naangalia fomu, hakuna sehemu ya kusema "mimi mwanafunzi", kuna cheo, kampuni, mji, miaka ya uzoefu, kiasi. Saa sita usiku, kesho yake nina kwizi. Jamani nikaandika. Nikajipa cheo cha mchambuzi, miaka miwili ya uzoefu, kiasi nikakipandisha kidogo kisha nikakishusha ili kionekane cha kweli, nikabonyeza tuma. Mlango ukafunguka palepale, hakuna aliyeniuliza lolote.

Nikaanza kusoma mishahara ya wenzangu kwa furaha, nimefika kama wa kumi hivi ndipo akili ikanirudia. Kama mimi nimeingia hivi, hawa wengine wameingiaje? Hii namba ninayonakili kwenye daftari inawezekana kabisa ni ya mwanafunzi mwingine, saa sita usiku, na yeye ana kwizi kesho. Na uongo wangu sasa hivi umo humo ndani kwenye wastani, kuna mtu anaupigia hesabu za maisha.

Nikarudi kuufuta, nilitafuta sehemu ya kufutia dakika ishirini.

Sisemi hizi websaiti hazina maana. Zina maana mahali pawili. Moja, kama kwa cheo kimoja kwenye kampuni moja kuna majibu mia na zaidi na ni ya karibuni, waongo wawili watatu hawatabadilisha mediani, mediani ni mgumu kusukumwa, wastani ndio mlegevu. Mbili, maoni ya watu kuhusu usaili, maswali gani waliulizwa, hayo ni dhahabu. Ila ukikuta "wastani wa mshahara" halafu chini kwa maandishi madogo majibu manne, funga ukalale. Na watu wanaojaza kwa hiari wana sababu zao, ama amefurahi sana ama amekasirika sana, yule aliyeko sawasawa hana muda. Nyota mbili na nusu.

Kuna na testi ya kulipia. Siipi aya ndefu. Maswali dakika ishirini na tano, mwisho inakuletea "ripoti yako iko tayari" halafu fomu ya kadi ya benki. Sikulipa. Baadaye jamaa mmoja wa darasani aliyelipa akanionyesha yake, kurasa kumi na nane za kumsifia, ati ana uwezo mkubwa wa kufikiri na anathamini mahusiano. Nani hathamini mahusiano? Nyota moja, ya rangi nzuri.

Na akili bandia, zile za kuchati. Nimeiuliza mshahara wa kuanzia wa mtakwimu, ikanipa namba safi mpaka na mamia. Nikauliza imetoka wapi, ikaomba radhi na kunipa namba nyingine. Yaani kama mimi mbele ya mjomba! Mahali iliponisaidia kweli ni kunielezea maneno magumu na kunitungia maswali ya kwenda kumuuliza mtu, hapo iko vizuri. Namba, hapana. Nyota tatu kwa maelezo, sifuri kwa mishahara, mtajumlisha wenyewe.

Matangazo ya kazi yenyewe watu hawayahesabu kama chanzo cha utafiti na ni kosa. Nilikusanya 30 ya watu wa takwimu na data wanaoanza, nikayaweka kwenye Excel, safu moja cheo, moja mshahara kama upo, zilizobaki kila ujuzi waliotaja. Mishahara ilikuwa michache, wengi wanaandika "maslahi mazuri" wakati hayo mazuri ni siri yao. Sehemu nyingine sheria inawalazimisha kusema, jimbo la Colorado Marekani tangu 2021 tangazo lazima lionyeshe kiwango cha malipo, California na wao tangu 2023, na Umoja wa Ulaya walipitisha agizo lao 2023 la uwazi wa mishahara, nchi wanachama zikapewa mpaka Juni 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Kwa hiyo ukitaka kuona viwango halisi soma matangazo ya maeneo kama hayo, ni namba ambayo mwajiri ameiandika mwenyewe. Kwenye ujuzi ndiko nilikopigwa butwaa, SQL, ile lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata, imejaa kila kona, na mimi kwa miaka mitatu SQL nimeisikia kwenye kozi moja ya hiari ambayo sikuichukua kwa sababu ilikuwa saa moja asubuhi. Kuandika ripoti nako kumo karibu kwenye kila tangazo. Nikakumbuka zile 27 zangu za usanii.

Mwisho kabisa nikatafuta mtu. Hii niliichelewesha kwa sababu ya aibu, na ndiyo ilinipa zaidi kuliko zote. Nilimwandikia dada mmoja aliyemaliza kozi yetu miaka ya nyuma, anafanya kazi ya mtakwimu bima, nikamwomba dakika kumi na tano tu, nikamwambia siombi kazi wala siombi anipeleke kwa bosi wake. Hilo la mwisho nadhani ndilo lilimfanya ajibu. Akanipigia jioni moja akiwa njiani anarudi nyumbani.

Swali langu la kwanza lilikuwa, "dada, jana ulifanya nini kuanzia ulipofika?" Akacheka. Akasema jana kuanzia asubuhi mpaka saa nane alikuwa anasafisha faili la wanachama wa mfuko mmoja, kwa sababu watu zaidi ya mia nne walikuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari 1900. Nikauliza mia nne wote? "Wote mdogo wangu, wazee wangu hao, wanadai pensheni." Kumbe mtu akikosa tarehe ya kuzaliwa mfumo unajaza yenyewe hiyo, na usipowaona utapiga hesabu za mfuko ukiwa na wastaafu mia nne wenye zaidi ya miaka mia na ishirini, wote wazima wa afya. Baada ya hapo kikao. Baada ya kikao akaandika barua ya kurasa mbili kumweleza mteja kwa nini namba za mwaka huu zimetofautiana na za mwaka jana, na hiyo barua akaiandika mara nne maana bosi wake anairudisha.

Hizo zote hazipo kwenye testi yoyote. Nikamuuliza kama anapenda. Akasema hiyo ya wazee mia nne anaipenda kweli, anajiona kama mpelelezi, vikao angelipa pesa asiende.

Kwenye mshahara sikumuuliza wake. Kuna namna ya kuuliza, nilisema, "mtu anayeanza leo kwenye nafasi kama uliyoanzia wewe, akitajiwa kati ya ngapi na ngapi asishtuke?" Akanipa kiwango bila kusita, chini na juu, akaongeza kitu ambacho hakuna jedwali litakuambia: aliyefaulu mitihani miwili ya bodi kabla ya kuhitimu anaanzia karibu na ule wa juu, asiyefaulu hata mmoja anaanzia chini, na mwajiri wake anawalipia ada ya mitihani inayofuata na kuwapa siku za kusoma. Nilikuwa nimeangalia mediani wiki nane nzima na jibu lilikuwa kwenye mitihani miwili. Nyota tano, na kungekuwa na ya sita ningempa.

Ofisi ya ushauri wa kazi pale chuo nayo nilienda, nikapewa kipeperushi cha jinsi ya kuandika sivii. Haya.

Wiki iliyopita nikampigia mjomba. Nikamwambia sasa nina jibu, nikamsomea kiwango cha kuanzia, cha chini na cha juu, nikamweleza nani kahesabiwa na nani hajahesabiwa, mitihani, pensheni, wazee mia nne, nikanogewa nikamweleza mpaka habari ya asilimia, kwamba kazi inaweza kukua kwa asilimia 60 na bado nafasi ni chache, kama hao mafundi wa minara ya upepo. Akasikiliza kimya muda wote. Nilipomaliza nikangoja aniulize namba nimeitoa wapi, nilikuwa nimejiandaa, daftari liko wazi mapajani.

Akakohoa. Akasema, "hao wa minara, wanachukua mpaka umri gani?"